Ramani ya Mzee Prosser

Mzee Prosser wa chumba namba tisa
goti lake la kushoto halimtaki tena,
ila ramani yake bado anayo.
Imekunjwa na kukunjuliwa hadi mikunjo ikawa matundu,
na kijiji kizima cha Leintwardine
kimetumbukia kwenye tundu moja.
"Ukifika hapo," aliniambia nikimfunga vifungo vya sweta,
"usibabaike. Kijiji kipo. Karatasi ndiyo haipo."

Jumamosi sikuwa na zamu.
Nikatoka Ludlow kabla maziwa hayajafika milangoni,
baiskeli nimeazima kwa Delyth wa jikoni,
kwenye keria chapati nne, koti la mvua, pampu na viraka,
mto Teme mkono wa kulia, mara mkono wa kushoto,
wenyewe ukiteremka, mimi nikiupanda,
kama watu wawili waliopishana sokoni
na kila mmoja ana haraka zake.

Mimi ni mtu wa Tabora. Kwetu ardhi imelala
na baiskeli ni punda:
hubeba mkaa, godoro, mgonjwa, jogoo wa mahari.
Huku vilima havisimami vikakutisha.
Vinapumua tu, vinapanda, vinashuka,
kama tumbo la mtu aliyelala chali baada ya ubwabwa.
Unadhani umekimaliza kimoja,
kumbe kilikuwa kinavuta pumzi.

Mzee ameandika kwa penseli kila mahali.
*Hapa shuka usukume. Usione haya, hata kasisi alisukuma.*
Nikasukuma.
*Mbwa, 1968.*
Nikapunguza mwendo, kwa heshima ya mbwa
aliyekufa kabla mama yangu hajavunja ungo.
*Mayai.*
Na mayai yapo! Sanduku la mbao ukingoni mwa njia,
kopo la sarafu, mtu hakuna.
Nikatia pauni mbili, nikachukua sita,
nikaangaza huku na huku kama mwizi
ilhali nimelipa.

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma:
aliyesema hivyo hakupita Brampton Bryan mwezi wa tano,
michongoma pande zote mbili imechanua nyeupe,
na mimi katikati, gia nyepesi kuliko zote,
ngoma inapigwa kifuani wakati wa kupanda.
Na kushuka,
kushuka nilitoa miguu kwenye pedali
nikapiga ukelele wa Kinyamwezi
ambao sijaupiga tangu darasa la nne.
Kondoo wakainua vichwa.
Wakaona si neno. Wakarudi kwenye majani yao.

Karibu na Knighton pana alama ya msalaba,
bila maandishi.
Daraja dogo la mawe. Nikaegemeza baiskeli,
nikatafuta kaburi, jina lililochongwa, chochote.
Hapakuwa na kitu.
Maji yalipita chini, rangi ya chai iliyochujwa mara mbili,
na ndege mnene mwenye kifua cheupe juu ya jiwe
alikuwa akiinama, akiinama,
kama anayekubali kila analoambiwa.
Nikala chapati ya tatu. Mapaja yakanitetemeka.
Nikakaa zaidi ya nilivyokusudia.

Jumatatu nilitaka kumuuliza,
akaniwahi yeye:
"Pale darajani, maji yalifika jiwe la ngapi?"
"La tatu kutoka chini."
Akafumba macho, kidole kikahesabu juu ya blanketi:
moja, mbili, tatu.
Kikabaki hapo kwenye tatu.
"Basi mtu angeweza kuvuka," akasema,
na mimi sikuuliza ni mtu gani.

Baadaye akanipa penseli.
Pale kwenye *Mbwa* nikaongeza, herufi ndogo: *hayupo*.
Pale kwenye msalaba nikapaacha.
Delyth akachemsha yai moja kati ya yale sita,
Mzee akalila lote, polepole,
na chumvi aliyokatazwa na daktari.